Utumbo Huanza Kutunzwa Sokoni: Chakula cha Asili na Miti Shamba Pembezoni mwa Dar es Salaam

Asubuhi katika zahanati yoyote ya Mbagala, Tandika, Bunju au Tegeta, malalamiko ya tumbo hayakosekani. Mmoja ana kiungulia, mwingine tumbo limejaa gesi, wa tatu hajapata choo kwa siku nne. Wengi wao hawaji mikono mitupu. Nyumbani wamekwisha kunywa maji ya muarobaini, unga wa mlonge, shubiri au sanamaki, na wapo waliomaliza chupa nzima ya dawa waliyoinunua kwa mchuuzi mwenye kipaza sauti. Mbele ya daktari, hata hivyo, habari hiyo haitajwi. Mgonjwa hunyamaza kwa kuogopa kukemewa, na mhudumu haulizi kwa kuwa foleni ni ndefu.

Ukimya huo una gharama. Dawa ya kienyeji inayotuliza maumivu kwa wiki chache yaweza kuficha kidonda kinachovuja damu au saratani inayokua. Kwa upande wa pili, daktari anayepuuza kila kilicho cha asili humnyima mgonjwa ushauri wenye manufaa makubwa, kwa sababu utumbo wa binadamu hutunzwa kwanza na kile kinacholiwa kila siku. Makala haya yanaeleza mpangilio unaofaa: chakula kwanza, uchunguzi pale dalili zinapoudai, na miti shamba kwa kipimo, kwa uwazi na kwa mtu anayestahili kuitumia.

Somo kutoka kwa farasi na punda

Njia nyepesi ya kuelewa kazi ya utumbo ni kumtazama mnyama anayeutegemea kuliko wengi. Farasi ni wachache Tanzania, lakini ndugu yake punda anafahamika vizuri. Wanyama hawa hawacheui kama ng'ombe. Majani wanayoyala huchachuka ndani ya utumbo mpana, ambamo bakteria na vijiumbe wengine huyavunja na kuyageuza kuwa asidi za mafuta zinazoupa mwili sehemu kubwa ya nishati yake.

Farasi aliyezoea majani akipewa nafaka nyingi kwa ghafla, wanga uliobaki bila kumeng'enywa huingia katika utumbo mpana, asidi huzidi, vijiumbe wazuri hufa, na mnyama hushikwa na msokoto mkali wa tumbo. Akikaa saa nyingi bila majani, asidi ya tumbo, ambayo kwake hutoka wakati wote, huweza kumchimba vidonda. Ndiyo maana watunzaji wa farasi hushika kanuni tatu: majani kwanza, maji safi wakati wote, na kila badiliko la chakula lifanywe polepole. Mimea ya dawa, kama ipo, huja nyuma ya hizo.

Binadamu si farasi, na hapaswi kula nyasi. Hata hivyo, utumbo wake mpana hufanya kazi ya namna hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Sehemu ya mimea isiyomeng'enywa na vimeng'enya vyetu, ambayo wataalamu wa lishe huiita makapimlo au nyuzinyuzi, hufika katika utumbo mpana na kuwa chakula cha vijiumbe. Vijiumbe hao hutengeneza asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli zinazoutanda utumbo huo kwa ndani. Seli zilizolishwa vizuri hushikamana, huzuia sumu na vijidudu kupenya kuingia mwilini, na husaidia kinga ya mwili isiwake bila sababu. Makapimlo hayohayo hushika maji, hulainisha choo na kukipa wingi. Anayekula mkate mweupe, chipsi na soda kutwa nzima huwaacha wasaidizi wake wa ndani na njaa, hata kama yeye mwenyewe ameshiba.

Kilichoonekana Kampala, kilichopimwa Moshi

Afrika Mashariki ina nafasi ya heshima katika historia ya elimu hii. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, na Hugh Trowell, tabibu aliyehudumu Kenya na Uganda, waligundua kwamba baadhi ya magonjwa yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wao wa Kiafrika. Miongoni mwa magonjwa hayo ni kufunga choo kwa muda mrefu, vifuko vya utumbo mpana na saratani ya utumbo huo. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa watu wa vijijini Afrika, waliokula vyakula visivyokobolewa, walipata choo kingi zaidi na chakula kilipita tumboni mwao kwa haraka zaidi kuliko kwa watu wa Ulaya. Si kila hoja yao ilithibitishwa baadaye, lakini msingi wake umesimama: makapimlo si takataka.

Miaka zaidi ya 50 baadaye, jambo hilo lilipimwa hapahapa Tanzania kwa njia makini zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine ulifanywa mkoani Kilimanjaro na watafiti wa KCMC, Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Walishiriki wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha kijijini walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha mtindo wa nchi za Magharibi, chenye vitu vilivyosindikwa na nishati nyingi. Wakazi wa mjini waliozoea chakula cha namna hiyo walihamishiwa kwenye chakula cha asili: mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa na vyakula vilivyochachushwa. Kundi jingine lilikunywa kwa wiki moja kinywaji cha asili cha ndizi kilichochachushwa.

Wiki mbili zilitosha kuleta tofauti. Kwa walioacha chakula cha asili, protini zinazoashiria mwako wa kinga ndani ya mwili ziliongezeka, na seli zao za kinga ziliitikia kwa udhaifu zaidi zilipokutanishwa na vijidudu. Kwa walioingia kwenye chakula cha asili au kinywaji kilichochachushwa, dalili za mwako huo zilipungua kwa sehemu kubwa, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Utafiti huu una mipaka yake: walikuwa wanaume tu, wenye afya, kwa muda mfupi. Haukuonyesha kwamba chakula huponya kidonda cha tumbo wala saratani. Wala si ruhusa ya kunywa pombe ya ndizi, kwani togwa na mtindi hutoa faida ya kuchachuka bila kilevi. Ulichoonyesha ni kwamba mwili wa Mtanzania huitikia sahani yake mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Sahani ya Temeke na Kinondoni

Mkazi wa pembezoni mwa jiji hana haja ya virutubisho vya gharama kutoka nje. Soko la Tandika au la Tandale lina karibu kila kinachohitajika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo na gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa takribani nusu ya makapimlo hayo. Kunde, choroko, dengu na njugu mawe hufanya kazi ileile. Mchicha, matembele, majani ya maboga, bamia na mlenda huongeza, na chungwa likiliwa pamoja na nyama zake hufaa kuliko juisi iliyochujwa.

Badiliko kubwa kuliko yote ni la unga. Sembe huwa nyeupe na laini kwa sababu pumba na kiini cha hindi vimeondolewa, na humo ndimo yalimo makapimlo mengi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Dona hubaki navyo. Lakini dona inahitaji mahindi mazuri. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, na kuyakoboa huipunguza sumu hiyo kwa kuwa sehemu kubwa yake hukaa kwenye pumba na kiini. Mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mahindi ya dona yachambuliwe punje kwa punje, yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au kuvunjika yatupwe, na unga ununuliwe kidogo kidogo na kuwekwa pakavu. Kupika hakuiondoi sumukuvu. Asiyekuwa na uhakika wa mahindi yake ni heri aendelee na sembe na atafute makapimlo kwenye kunde, mboga na ulezi.

Kikwazo cha maharage mjini huwa ni mkaa. Yakilowekwa usiku kucha na maji yale yakamwagwa, huiva mapema na hupunguza gesi. Kisamvu nacho kisiharakishwe: majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sayanidi, hivyo hutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa.

Togwa inastahili kurudi mezani. Kimea cha ulezi au mtama huulainisha uji mzito, na bakteria wa kuchachusha huutia ukali ambao vijidudu vingi vya kuhara haviupendi. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Tanzania na Sweden waliwafuatilia watoto wadogo na kukuta kwamba waliopewa togwa walikuwa na vijidudu vya kuhara kwenye choo kwa kiwango kidogo zaidi. Lakini togwa iliyopozwa kwa kuongezwa maji ya kisima yasiyochemshwa hupoteza faida hiyo yote. Wakazi wa Kinondoni hawajasahau Agosti 2015, kipindupindu kilipozuka katika wilaya yao kabla ya kusambaa nchini. Maji salama, sabuni na choo bora ni sehemu ya lishe ya utumbo kama ulivyo unga wenyewe.

Na kama kwa farasi, badiliko liwe la polepole. Aliyezoea chipsi akianza ghafla kula bakuli la maharage mara tatu kwa siku atajaa gesi na kulilaumu haragwe bure. Aanze na nusu kikombe kwa siku, aongeze kila wiki, na anywe maji ya kutosha. Wenye ugonjwa wa figo wapate kwanza ushauri wa mtaalamu wa lishe, kwa kuwa kunde na baadhi ya mboga zina potasiamu nyingi.

Miti shamba: ipi, kwa nani, kwa muda gani

Mmea wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru pia. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na haimdharau mganga wala muuza dawa.

Tangawizi imethibitika kupunguza kichefuchefu, hata cha ujauzito wa mwanzo, ikitumiwa kwa kiasi cha chakula. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini, asiizidishe bila kumjulisha daktari. Chai ya nanaa huweza kutuliza msokoto na gesi, ingawa kwa baadhi ya watu huongeza kiungulia.

Sanamaki ni dawa halisi ya choo kigumu, na vidonge vya aina hiyo vinavyouzwa famasi hutokana na mmea huohuo. Husukuma misuli ya utumbo, hivyo hufaa kwa siku chache. Ikinywewa kwa wiki na miezi kwa jina la kusafisha tumbo, huweza kuupotezea mwili maji na potasiamu, jambo la hatari hasa kwa mgonjwa wa moyo au anayetumia dawa za kukojoa. Utomvu wa njano wa shubiri hufanya kazi kama hiyo kwa ukali zaidi. Nchini Marekani, mamlaka ya dawa iliuondoa katika orodha ya dawa za choo zinazouzwa bila cheti mwaka 2002 kwa kukosa ushahidi wa usalama wake. Mjamzito asiutumie. Na mtu ambaye tumbo limevimba, anatapika na hatoi hata upepo asipewe dawa yoyote ya kuendesha, maana huenda utumbo umeziba.

Mlonge ni mboga bora yenye protini na madini. Lakini unga wake ukinywewa kwa vijiko vingi na mgonjwa wa kisukari aliye kwenye vidonge au insulini, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Muarobaini usipewe watoto wadogo wala wajawazito, kwani mafuta yake yamewahi kuwaletea watoto wachanga sumu kali. Juisi ya kabichi kwa vidonda vya tumbo, inayosifiwa katika mitaa mingi, ilipata umaarufu kutokana na taarifa ya daktari mmoja wa California mwaka 1949, iliyohusu wagonjwa 13 tu bila kundi la kulinganisha. Haidhuru wengi, ila haitoshi kuwa tiba.

Kidonda kina sababu yake

Hapa ndipo wengi hupoteza muda. Vidonda vingi vya tumbo haviletwi na pilipili, mawazo wala kula kwa kuchelewa, ingawa hayo yaweza kuongeza maumivu. Sababu kuu ni mbili. Ya kwanza ni bakteria Helicobacter pylori, waliotambuliwa nchini Australia na Barry Marshall na Robin Warren, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hao wamewekwa tangu 1994 katika orodha ya visababishi vya saratani. Ya pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zinazonunuliwa dukani kama peremende.

Bakteria hao hutibiwa kwa mchanganyiko wa antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14 bila kukatisha. Baada ya hapo hupimwa tena kwa kipimo cha choo au pumzi, kwa kuwa kipimo cha damu huendelea kusoma hata baada ya kupona. Mimea kadhaa huua bakteria hao ndani ya chupa ya maabara. Ndani ya tumbo la mtu ni jambo jingine, na hadi sasa hakuna mti shamba unaoweza kushika nafasi ya tiba hiyo.

Zipo dalili ambazo hazingoji togwa wala mzizi: kutapika damu au kitu kama majivu ya kahawa, choo cheusi kama lami au chenye damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, kutapika kila siku, upungufu wa damu, manjano, uvimbe unaogusika tumboni, na maumivu mapya kwa mtu aliyevuka umri wa miaka 50. Damu kwenye choo isiitwe bawasiri kabla ya mtu kupimwa. Kwa mtoto anayehara, ORS na madini ya zinki ndiyo ya kwanza, na unyonyeshaji uendelee. Mtoto aliyelegea, mwenye macho yaliyodidimia au asiyeweza kunywa apelekwe kituoni saa hiyohiyo, mchana au usiku.

Kuuliza bila kukemea

Tiba asili si kitu cha kificho katika nchi hii. Utafiti wake katika chuo cha tiba cha Muhimbili ulianza rasmi mwaka 1974 kwa kitengo ambacho baadaye kilikua na kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka baraza la kusajili waganga na kusimamia dawa zao. Kwa hiyo mgonjwa anayo haki ya kumuuliza muuzaji kama amesajiliwa, na chupa isiyo na jina la mmea, kipimo wala tarehe haistahili kuingia kinywani.

Kwa mhudumu wa afya, swali moja hubadilisha mazungumzo: "Mama, kabla ya kuja hapa umejisaidia na nini nyumbani?" Likiulizwa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za kula, hujibiwa. Yafuate mengine manne: ni mmea gani, kiasi gani, tangu lini, na pamoja na vidonge vipi. Majibu yaandikwe kwenye faili kama dawa nyingine yoyote. Mgonjwa atakayeambiwa "maharage na mchicha endelea nayo, sanamaki acha leo, kesho lete choo tupime" ataondoka na mpango anaoweza kuufuata, na atarudi. Aliyekemewa harudi. Hubaki na chupa yake hadi siku damu inapotoka.

Kwa mgonjwa, wajibu ni mfupi: kuja na chupa yenyewe, au jani lenyewe, na kuliweka mezani mbele ya daktari. Jani lililowekwa mezani linaweza kujadiliwa. Lililofichwa ndani ya kanga halina wa kulipima.